Visu vya leithi kwa mfuko mwembamba

SWALI: Nimefunga leithi ndogo iliyotumika nyumbani, Chemba mkoani Dodoma, nakereza bushi na pini za plau za trekta. Ninunue visu vya kabaidi vya bei rahisi?

JIBU: Hapana, anza na vijiti vya HSS (chuma cha kukatia kwa kasi). Chuma hicho huvumilia joto la karibu nyuzi 600 bila kulainika, na kikibutuka unakinoa mwenyewe kwa jiwe la kijivu la kawaida. Kabaidi hudai jiwe la kijani au la almasi, na kwenye mashine ndogo inayotetemeka humeguka upesi. Nunua kisu kimoja tu cha kabaidi, cha kuparua ganda gumu la kulehemu.

Kijiti kisicho na chapa kigusishe kwenye grenda: HSS hutoa cheche chache, nyekundu zilizofifia, chuma cha kaboni hurusha nyeupe zinazopasuka kama fataki. Muuzaji akikataa jaribio hilo, ondoka. Biti za keekee za HSS zilizovunjika usitupe, zinoe zikusaidie kukereza ndani ya bushi. Seti za visu vya rangirangi? Mapambo tu.

Ukifika Dodoma mjini, waulize mafundi wa SIDO, shirika la viwanda vidogo, kabla hujalipa. Na vaa miwani.