Sahani ya Baba, Kinywa cha Mtoto
Kijitabu cha nyumba za Uvira na ufukwe wa kaskazini wa Tanganyika

Jua limeshatua nyuma ya milima ya Mitumba na mitumbwi ya ndakala inaelekea ziwani na taa zake. Nyumbani bugali umeiva. Mama anapakua. Sahani ya kwanza ni ya baba: bonge la bugali, mkeke mzima au ndakala waliorundikana, na sombe kidogo ya kutelezeshea. Sahani kubwa ya pili ni ya watoto: bugali, sombe, na ndakala wa kuhesabu. Mama atakula kitakachobaki kwenye sufuria. Baba anamaliza samaki, anaisogeza sombe pembeni, ananawa mikono. Mtoto wa miaka mitatu aliyeegemea goti lake ameona yote.

Kijitabu hiki kinamhusu mtoto huyo na alichokiona.

Katika Kiswahili chetu cha Kivu, samaki ni mboga, nyama ni mboga, maharage ni mboga. Ndiyo maana utamsikia mtu mwenye sufuria nzima ya lengalenga akisema, "Leo hatuna mboga, ni majani tu." Hilo neno "tu" ni dogo, lakini mtoto hulisikia kabla hajajua kuhesabu mpaka kumi. Anaelewa kwamba majani huliwa siku pesa zilipokosekana, na kwamba mtu akishakuwa mkubwa, mwenye sahani yake peke yake, anaruhusiwa kuyaacha. Halafu akifika miaka minne tunamshika kidevu na kumwambia, "Kula majani yako, yana vitamini." Atatuamini vipi?

Vijitabu vingi vya lishe huanza kwa kumsomesha mama. Hiki kinaanza na baba, kwa sababu sahani inayotazamwa sana nyumbani ni yake. Baba, kazi yako ya kwanza haina gharama: omba majani, yale mbele ya watoto, na useme ni matamu kama kweli ni matamu. Kama si matamu, zungumza na mpishi kuhusu mawese na chumvi, ila usikunje uso. Mtoto husoma uso kabla ya kusoma maneno.

Jambo hili limepimwa. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 1975, watoto wadogo walipewa chakula wasichokijua. Walikitia kinywani kwa urahisi zaidi pale mtu mzima alipokula pamoja nao kuliko pale alipowapa tu na kuwatazama, na mama aliwavuta kuliko mgeni. Hakuna mzazi wa Kalundu au Kavimvira atakayeshangaa. Mtoto mwenye bakuli lake lililojaa bado hunyoosha mkono kwenye sahani ya mama. Anataka anachokula mama.

Kwa nini anatema

Ulimi wa binadamu huzaliwa ukipenda utamu na kuukwepa uchungu. Maziwa ya mama ni matamu, na majani mengi yenye sumu ni machungu, kwa hiyo kichanga anayekunja uso kwa jani chungu amezaliwa na ulinzi wake. Karibu na miaka miwili hofu ya chakula kigeni huzidi. Huo ndio umri ambao mtoto anatembea mwenyewe na anaweza kuokota chochote akakitia kinywani. Anapotema bisusa, yale majani ya maboga, usiseme ana kiburi au ameharibiwa na bibi yake. Bado hajaijua ladha hiyo.

Ladha hujulikana kwa kurudiwa. Katika miaka ya 1980 mtafiti Leann Birch wa Marekani na wenzake waliwapa watoto wadogo vyakula vigeni tena na tena, na wakaona kupenda kunapanda kadiri mtoto anavyoonja. Kuona tu hakukutosha, ilibidi chakula kiguse ulimi. Huenda mtoto akahitaji kuonja mara nane, kumi, hata kumi na tano kabla hajazoea. Wengi wetu tunaacha mara ya tatu na kutangaza kwa majirani, "Huyu wangu hapendi majani kabisa." Mtoto yupo pale anasikia, naye analichukua jina hilo na kulitunza.

Kuonja ni kiasi cha ncha ya kidole. Mpe kidogo, leo, keshokutwa, juma lijalo, pamoja na kitu anachokipenda. Akitema, futa mdomo, endelea na mengine. Hapa sisi tuna bahati wasiyo nayo watu wa miji mingi: lengalenga, matembele na sombe hurudi kwenye sufuria zetu kila juma hata bila kupanga. Ile mara ya kumi na tano itakuja yenyewe, mradi mtoto asiwe amepikiwa wali wake pembeni.

Kumlazimisha na kumhonga

Waswahili husema samaki mkunje angali mbichi. Kwa mambo mengi ya malezi nakubali. Kwa chakula, mkono unaokunja kwa nguvu huvunja.

Kuna nyumba ambazo mtoto hushikwa pua ili afungue mdomo. Acheni hilo leo. Anaweza kupaliwa, na hata asipopaliwa, sombe imeshaungana na hofu kichwani mwake. Njia ya upole pia ina mtego. Katika jaribio la mwaka 2006 huko Marekani, watoto wa chekechea waliohimizwa mara kwa mara wamalize supu walikunywa kidogo kuliko siku walizoachwa kimya, na waliisema vibaya zaidi. Supu ilikuwa ileile.

Hongo ndiyo tunayoipenda zaidi: "Maliza majani nikupe biskuti." Kwa usiku mmoja inafanya kazi, ndiyo maana tunairudia. Lakini mtoto anafanya hesabu yake. Kama watu wanalipwa kwa kula majani, basi majani ni kazi, na biskuti ndiyo mshahara. Birch na wenzake waliliona hilo mwaka 1984: watoto waliotuzwa ili wanywe kinywaji kigeni waliishia kukipenda kidogo kuliko mwanzo. Ukitaka kumpa biskuti, mpe siku yake, bila kuifunga na sombe.

Mgawanyo unaofaa ni huu: mzazi anaamua chakula gani kinapikwa na saa ngapi watu wanakula, mtoto anaamua atakula kiasi gani. Najua bibi mzaa mama atalalamika kwamba mtoto analala njaa. Mtoto mwenye afya aliyekataa leo usiku atafidia kesho asubuhi. Mtoto mgonjwa au aliyekonda ni habari nyingine, nitaifikia mwishoni. Na pale ambapo watoto watano wanakula sahani moja, yule mdogo usimwache ashindane na mikono ya kaka zake. Mtengee bakuli lake ili uone alichokula, lakini akae pamoja nao. Anajifunza kwa kaka na dada karibu kama anavyojifunza kwako.

Mwanzo ni tumboni

Ladha ya anachokula mama hupita kwenye maji ya uzazi na kwenye maziwa. Julie Mennella wa Philadelphia alichapisha mwaka 2001 utafiti ambao baadhi ya akina mama walikunywa juisi ya karoti wakati wa mimba au wa kunyonyesha. Watoto wao, walipoanza kula, walipokea uji wenye ladha ya karoti kwa kukunja uso kidogo kuliko watoto ambao mama zao walikunywa maji. Kwa hiyo mama mjamzito wa Makobola anayekula matembele anamfundisha mtoto kabla hajamwona. Inafuata pia kwamba sahani ya mama haipaswi kuwa ya makombo ya sufuria. Baba anayemwekea mkewe samaki na majani kabla chungu hakijakauka anamlisha mtoto.

Miezi sita ya kwanza ni maziwa ya mama peke yake, hata maji hapana. Baada ya hapo, maziwa yanaendelea na chakula kinaanza: mara mbili au tatu kwa siku mpaka miezi minane, kisha mara tatu au nne. Uji mtupu wa muhogo hujaza tumbo bila kujenga mwili. Utie ndakala waliokaushwa na kusagwa, lengalenga iliyopondwa laini, tone la mawese. Papai lililoiva, avoka na ndizi hupondwa kwa uma tu, wala hayahitaji moto. Embe lenye nyuzi likamuliwe au lichujwe kwanza, na kokwa lisiachwe mkononi mwa mtoto mdogo.

Na wakubwa? Shirika la Afya Duniani linashauri matunda na mboga za majani angalau gramu 250 kwa siku kwa mtoto wa miaka miwili hadi mitano, gramu 350 kuanzia sita hadi tisa, na 400 kuanzia miaka kumi, yaani na wewe unayesoma. Kikombe kimoja cha lengalenga iliyopikwa ni kama gramu 130. Ongeza embe moja kubwa na mtoto wa miaka minne ameshafika.

Embe linalovuka barabara

Hapa ndipo panaponiuma. Mti upo uani, au tunda limeshuka na gari kutoka uwanda wa Ruzizi, kutoka Sange na Luvungi. Mama analipanga kwenye beseni, analipeleka sokoni, analiuza. Akirudi mtoto anamkimbilia, naye anamtolea bombo au biskuti kwenye kitenge. Pesa ya embe imenunua unga wa ngano na sukari, na mtoto amejifunza kwamba zawadi ni kile kilichofungwa kwenye karatasi inayong'aa.

Sisemi usiuze. Pesa ya embe ni ada ya shule na ni dawa. Nasema yale matatu yaliyochubuka, ambayo mnunuzi atayakataa, yabaki nyumbani, na yatolewe kama zawadi: yakatwe, yawekwe kwenye sahani nzuri, baba akabidhi kwa mkono wake. Wenye uwanja hata wa hatua nne wapande lengalenga, ambayo huanza kuchumwa baada ya wiki chache, na papai, ambalo halikawii kuzaa kama mwembe. Mtoto apewe mstari wake wa kumwagilia. Nimeona watoto wakila mbichi uwanjani kile walichokikataa mezani. (Ningefurahi pia kama wachoraji wa mabango ya lishe wangeacha kutuchorea matufaha na zabibu. Sokoni Maendeleo tuna mapera, marakuja na mananasi.)

Jikoni

Sombe itwangwe vizuri na ichemke muda mrefu bila haraka, maana majani ya muhogo yana sumu inayotolewa kwa kutwanga na kuchemsha. Lengalenga na matembele ni kinyume chake: dakika chache zinatosha, na kuni zinabaki. Mawese mekundu ya Fizi yana rangi ileile inayogeuka vitamini A mwilini, nayo mafuta husaidia mwili kuipokea ile ya majani. Usiyaunguze mpaka yakawa meupe, maana ile rangi ndiyo dawa. Kamua ndimu juu ya majani mezani ili madini ya chuma yapokelewe vizuri, na chai isubiri saa moja baada ya chakula, kwa kuwa inayazuia.

Maji

Hakuna kijitabu cha Uvira kinachoweza kusifu matunda kikanyamaza kuhusu kipindupindu, ambacho kimekaa nasi miaka mingi. Mafuriko ya Aprili 2020, mto Mulongwe ulipotoka kwenye njia yake, yalitukumbusha jinsi maji safi yanavyokatika upesi. Tunda lililooshwa kwa maji yaliyotekwa ziwani ni hatari kuliko tunda lisilooshwa lakini likamenywa. Osha kwa maji ya bomba yaliyotunzwa kwenye chombo chenye kifuniko, au yaliyotiwa klorini kwa kipimo ulichoonyeshwa na reko, yaani mhudumu wa afya wa jamii, na kuachwa dakika 30. Nawa mikono kwa sabuni, osha tunda, kisha menya. Usinunue papai lililokatwa tangu asubuhi na kuachiwa nzi. Majani yaliyopikwa yaliwe yangali ya moto.

Ikiwa mtoto hali kabisa

Kukataa bisusa ni jambo moja, kukataa kila kitu ni jingine. Uchunguzi wa kitaifa wa 2013–2014 uliwakuta watoto 43 kati ya 100 walio chini ya miaka mitano nchini kwetu wamedumaa. Kudumaa hakuletwi na kukosa matunda peke yake: kuna kuhara, kuna malaria, kuna uji mtupu, kuna kukimbia vita na kulala kwa watu. Kwa hiyo usimpime mtoto kwa macho. Mpeleke kwenye kilo kituo cha afya kila mwezi, na asikose matone ya vitamini A, ambayo hutolewa mara mbili kwa mwaka kuanzia miezi sita mpaka karibu miaka mitano.

Reko akija na ule mkanda wa rangi tatu, mwombe akufundishe kuutumia. Unazungushwa katikati ya mkono wa juu wa mtoto mwenye zaidi ya miezi sita, bila kubana. Kijani, sentimita 12.5 na kuendelea, ni salama. Njano ina maana arudi kwenye kilo juma hilohilo. Nyekundu, chini ya sentimita 11.5, au miguu yote miwili ikivimba na kidole kikiacha shimo, usingoje soko lifungwe wala baba arudi kutoka ziwani. Mfunge mgongoni uende naye siku hiyohiyo.