Mkicheza Treni Wawili, Afikianeni Kabla ya Kuziona Tikiti

Pengine shemeji yenu aliye Marekani amewaletea ule mchezo wa mezani uitwao Ticket to Ride, nanyi mkaufungua jioni moja watoto wakiwa wamelala. Ulibuniwa na Alan R. Moon, ukatoka mwaka 2004. Ubao wake ni ramani ya Marekani na kusini mwa Kanada. Kila mchezaji ana mabehewa 45 ya plastiki. Anakusanya karata za rangi, kisha anazitumia kuchukua vipande vya reli kati ya mji na mji. Tikiti za siri alizo nazo zinamwambia ni miji gani aiunganishe. Akifaulu, anapewa alama za tikiti hiyo. Asipofaulu, anakatwa alama hizo hizo.

Hapo ndipo maneno yanapoanzia. Tuseme mama ana tikiti ya Los Angeles hadi New York, yenye alama 21, na amebakiza kipande kimoja tu. Baba anaweka mabehewa yake papo hapo. Mama akikosa njia ya kuzunguka, hapati zile 21 na tena anakatwa 21, kwa hiyo amepoteza 42 kwa mkono mmoja wa mumewe.

"Baba watoto, hiyo si haki!"

"Lakini sheria inaruhusu, mama."

Ni kweli inaruhusu. Tena mkiwa wawili au watatu, sheria ni kali zaidi: penye reli mbili zilizo sambamba, mmoja akichukua moja, ya pili imefungwa. Wakiwa wanne au watano, ya pili hubaki wazi kwa mwingine.

Basi wako wanaoamua kwamba nyumbani kwao reli zote mbili zitakuwa wazi, hata wakicheza wawili. Kabla hamjakubali, jiulizeni sheria iliwekwa kwa nini. Ramani ile ni kubwa. Watu wawili wangeweza kujenga jioni nzima bila kugusana, kila mmoja upande wake, kama wapangaji wawili wasiosalimiana. Kuifunga reli ya pili kunawalazimu kuangaliana. Mimi naona ni heri ibaki. Hata mkiiondoa, hamjamaliza ugomvi, kwa sababu kipande cha Nashville hadi Atlanta kina reli moja tu na huchukuliwa kwa karata moja.

Kama kufungiwa njia kunawaumiza kweli, iko dawa aliyoitunga Moon mwenyewe. Katika mchezo wa ramani ya Ulaya, uliotoka mwaka 2005, kila mchezaji ana vituo vitatu. Ukiweka kituo mjini, unaweza kutumia kipande kimoja cha reli ya mwenzako kinachofika mji huo, ili utimize tikiti zako. Kituo cha kwanza hulipiwa karata moja, cha pili mbili za rangi moja, cha tatu tatu. Kituo kisichotumika huleta alama 4 mwishoni. Chukueni punje tatu za mahindi kila mmoja, ziwe vituo vyenu katika ramani ya Marekani. Aliyefungiwa anasaidika, lakini msaada una bei yake.

Pendekezo lingine husema kwamba tikiti zilizochukuliwa mwishoni zisikatwe alama zikishindikana. Hilo likataeni. Kuchukua tikiti mpya kunapokuwa hakuna hatari, kila mtu atachota tu akiombea bahati.

Sasa, mjadala ufanyike lini? Kabla ya tikiti kugawiwa. Mtu akishaiona tikiti yake, haongei tena juu ya sheria, anaongea juu ya mkono wake, hata kama yeye mwenyewe hatambui. Muangalie pia ni nani anayeshinda kila siku. Mshindi hupenda sana kitabu kilichochapishwa, naye anayeshindwa hupenda mabadiliko. Kwa hiyo kila mmoja amwulize mwenzake: "Je, ungeitaka sheria hii kama mimi ndiye ningefaidika nayo?" Jibu likichelewa, mmeelewana kuliko mlivyodhani.

Shida ikizuka katikati ya mchezo, malizeni kwa sheria mlizoanza nazo, hata zikiuma. Kubadilisha wakati huo ni kumnyang'anya mmoja kitu alichokuwa amekipanga karata kwa karata. Pendekezo liandikeni kwenye karatasi, mliweke ndani ya kifuniko cha sanduku, mlijaribu mara mbili siku nyingine. Likiwafaa wote wawili, libaki humo. Likimfaa mmoja tu, lichaneni. Na mgeni akija kucheza, apewe karatasi hiyo aisome kabla hajachagua rangi ya mabehewa yake.