Picha ya pasipoti inapigika hapo hapo barazani

Kijana wa Nyandira, kule Mgeta, anayetaka picha nne za pasipoti saizi hana haja ya kudamkia gari, kuteremka kona zote za Langali mpaka Sangasanga, kuingia mjini Morogoro, kupanga foleni studio, kisha kurudi gizani. Simu aliyonayo mfukoni inatosha. Kinachowaangusha wengi si ubovu wa simu. Ni mwanga, umbali, na ule ugonjwa wa kutaka kupendeza. Hayo matatu yakikaa sawa, picha ya barazani Kinole au Matombo inapita kama ya studio, na pengine inaizidi, maana baadhi ya studio zimezoea kulainisha uso wa mteja mpaka anafanana na sanamu ya duka la nguo.

Kabla ya kutandika kitambaa, jua unapiga picha ya kazi gani. Kitambulisho cha Taifa hakihitaji picha ya kwenda nayo: NIDA wanakupiga wenyewe siku ya kuandikishwa, na kadi ya mpiga kura ni hivyo hivyo. Picha ya kujipigia nyumbani ni ya maombi ya pasipoti mtandaoni, fomu za shule na vyuo, kitambulisho cha kazi, viza, au bahati nasibu ya viza ya Marekani ambayo vijana wengi wamekuwa wakiijaribu. Kila moja ina masharti yake. Pasipoti ya Tanzania inataka nyuma ya mtu pawe bluu mpauko. Marekani wanataka nyeupe, Uingereza wanataka rangi ya maziwa au kijivu hafifu. Ukipiga moja ukaitumia kwa zote, utarudishwa.

Pasipoti ya kielektroniki tuliyo nayo ilizinduliwa tarehe 31 Januari 2018, na ndani yake mna chipu iliyohifadhi sura ya mwenyewe. Mashine za mipakani zinaweza kuilinganisha sura hiyo na ya mtu aliyesimama mbele yake: macho yako mbali kiasi gani, pua inaishia wapi, kidevu kina umbo gani. Hata ukishajaza fomu mtandaoni, Uhamiaji watakupiga tena picha yao na kuchukua alama za vidole ofisini. Lakini picha uliyoambatanisha ndiyo inayotangulia kukuwakilisha. Ada ya pasipoti ya kawaida ni shilingi 150,000, na 20,000 kati ya hizo unazilipa mwanzoni kwa ajili ya fomu. Ni kichekesho mtu aliyekwisha kulipa kiasi hicho akakwamishwa na chandarua.

Chandarua sikitaji bure. Nyumba nyingi zina chandarua cha bluu, na kwa macho ya haraka rangi yake ndiyo hasa inayotakiwa. Hakifai. Matundu yake yanaonyesha matofali ya nyuma, na kamera inanasa vile vijitundu kama madoa. Khanga na kitenge navyo viache. Tafuta shuka la bluu mpauko lisilo na maua, au nenda kwenye duka la vitambaa vya sare za shule ukate mita moja na nusu. Lipige pasi, kwa sababu kila mkunjo utatokea kama mstari nyuma ya kichwa. Litundike kwenye kamba ya kuanikia nguo, ncha za chini uzifunge mawe madogo ili livutike, kisha kaa mbele yake, usiliegemee. Acha nafasi ya nusu mita au zaidi kati ya kisogo na kitambaa. Ukiligusa, kivuli cha kichwa kitajichora juu yake, na kivuli cha nyuma ni kati ya mambo ya kwanza yanayokataliwa.

Sasa mwanga, na hapa ndipo penye kazi. Morogoro iko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta, kwa hiyo mwanzoni mwa Machi na kwenye tarehe 10 Oktoba hivi, jua la mchana linapita utosini kabisa. Tena kwa saa zetu halifiki juu kabisa saa sita kamili, bali karibu saa sita na nusu. Ukipiga picha uwanjani wakati huo, macho yanazama kwenye mashimo, pua inatupa kivuli mdomoni na paji la uso linawaka. Anza kati ya saa tatu na saa nne na nusu asubuhi, au subiri saa tisa na nusu alasiri. Hata hapo usikae juani. Kaa kivulini ukiutazama uwanja wenye mwanga: barazani, au ndani ya mlango uliofunguliwa, hatua moja kutoka kizingitini, uso ukiangalia nje. Mpigaji asimame nje upande wa mbele bila kuuziba mlango. Mwanga wa aina hii unaingia usoni kwa upole pande zote mbili, na ni bure.

Angalia pia kilicho mbele yako, kwa maana rangi inaruka. Ukuta wa udongo mwekundu uliopigwa na jua unalipaka shavu rangi ya chungwa. Ukikaa mbele ya migomba, shavu linakuwa kama la mgonjwa, lina ukijani, na wala hutaligundua mpaka picha itoke kwenye karatasi. Turubai la bluu nalo lina yake. Geuza kiti uelekee uwanja uliofagiwa au anga. Kisha chukua kiroba cheupe cha sukari, kikunje upande usio na maandishi uwe juu, kiweke mapajani. Kile cheupe kinarudisha mwanga chini ya kidevu na kwenye mboni. Jaribu kukitoa na kukirudisha huku mwenzako akitazama kwenye simu, utaona shingo inavyotokea gizani.

Watu wa Mgeta na wa miteremko ya mashariki ya milima yetu, kule Kinole na Tegetero ambako mvua hazikauki, hulalamikia ukungu. Kwa kazi hii ukungu ni rafiki. Unatandaza mwanga sawasawa, hauachi kivuli hata cha kope. Matatizo yake ni mawili tu. Unyevu hushika kwenye kioo cha kamera, kwa hiyo kifute kwa fulana safi kila baada ya picha chache. Na siku ya baridi watu tunajipaka mafuta, nayo yanameremeta. Pangusa paji la uso na pua kwa karatasi laini kabla ya kukaa.

Ngozi nyeusi ina jambo lake ambalo maelekezo mengi ya kigeni hayaligusi. Simu ikiona kitambaa cheupe au bluu mpauko kimejaa nyuma, inadhani picha nzima ina mwanga mwingi, inapunguza, na uso unageuka kivuli chenye meno. Dawa yake ni ndogo: gusa uso kwenye kioo cha simu, kitatokea kijialama cha jua, kisukume juu taratibu mpaka uone nyusi moja moja, kingo za pua na mstari unaotenganisha mdomo. Ukiona paji la uso linaanza kuwa jeupe, rudisha kidogo. Kwa mtu mwenye ualbino fanya kinyume chake: kijialama kishuke, na akae ndani zaidi kivulini ili asilazimike kukunja macho. Avae miwani yake na kofia mpaka dakika ya mwisho, avue, apigwe, avae.

Selfi hapana. Ukinyoosha mkono, kamera iko karibu mno: pua inavimba, masikio yanajificha, na mtu anakuwa na uso ambao mama yake hajawahi kuuona. Tena kamera za mbele za simu nyingine zinageuza picha kama kioo, kovu la shavu la kulia linahamia kushoto. Tumia kamera ya nyuma. Mwenzako asimame mita moja na nusu hadi mbili, avute picha mara mbili ili uso ujae, na kioo cha kamera kiwe usawa wa macho yako. Kama mpigaji ni mtoto, mpandishe kwenye stuli, la sivyo atapiga tundu za pua. Uko peke yako? Pindua ndoo juu ya meza, egemeza simu, weka kihesabu cha sekunde 10. Zima flashi. Zima kile kipengele cha urembo, na usidhani kimezimwa kwa sababu hukukiwasha. Simu nyingi zinakuja nacho kimewashwa tayari. Na ile namna ya kutia ukungu nyuma ya mtu iache, kwa kuwa inakula nywele na ncha za masikio.

Uso: kichwa wima, macho wazi yakitazama kamera, mdomo umefungwa, hakuna tabasamu. Kununa pia hakutakiwi. Nywele zisiangukie macho wala nyusi. Hijabu inaruhusiwa kwa sababu za dini, ila uso wote uonekane kuanzia juu ya paji hadi chini ya kidevu, na kitambaa chake kisiwe cha rangi ya nyuma wala kisitupe kivuli shavuni. Baraghashia na kapelo vua. Miwani vua pia. Marekani waliipiga marufuku kwenye picha za viza tangu tarehe 1 Novemba 2016, na hata pale inaporuhusiwa mng'ao wake unaleta ubishi usio na sababu. Shati lisiwe bluu mpauko. Mwanafunzi aliyevaa shati la sare la rangi hiyo mbele ya shuka la rangi hiyo hutokea kichwa kinaelea.

Mtoto mchanga usimkalishe. Tandaza shuka lile lile kitandani karibu na dirisha, mlaze chali, simama juu yake bila kumtia kivuli. Mkono wa mama usionekane, chuchu ya bandia itolewe, na subira iwepo. Piga nyingi. Bibi anayetetemeka kichwa, mpe kiti chenye mgongo na mwambie avute pumzi, mpige anapoitoa.

Kukata picha kunataka hesabu kidogo. Kipimo kinachotumika sehemu nyingi duniani ni upana wa milimita 35 na urefu wa 45, ila fomu ikitaja kingine fuata fomu. Kwenye picha ya milimita 45, uso kuanzia kidevu hadi utosi uchukue asilimia 70 hadi 80 ya urefu, yaani milimita 32 hadi 36. Marekani wanataka mraba wa milimita 51, na kichwa kikae kati ya asilimia 50 na 69. Ile ya kuwatumia mtandaoni isipungue pikseli 600 kwa 600 wala isizidi kilobaiti 240. Kwa hiyo unapopiga, acha nafasi ya kutosha juu ya kichwa na pembeni mwa mabega. Nafasi ikizidi utaikata. Ikipungua huna la kufanya.

Kwa kusafisha, karatasi ya kawaida ya picha ya sentimita 10 kwa 15 inabeba picha nane za 35 kwa 45. Zipange mwenyewe kwenye simu, upeleke faili moja. Usiitume kwa WhatsApp kama picha, inabanwa na kupoteza ubora. Itume kama hati, au ibebe kwenye fleshi. Mwambie fundi wa studio asiguse sura: asing'arishe, asipunguze mashavu, asiondoe kovu. Mwambie mapema, kabla hajakaa kwenye kompyuta, kwa sababu wengine hufanya hivyo kwa wema.

Liko swali ambalo vijana huliuliza: kwa nini kuhangaika na shuka, wakati programu inabadilisha rangi ya nyuma kwa kugusa mara moja? Kwa nywele fupi sana na mwanga mzuri pengine haitaonekana. Kwa afro, rasta au hijabu yenye nyuzinyuzi, ukingo unakatwa kama kwa mkasi butu, na programu nyingine zinajibunia sikio. Marekani wamekataza waziwazi picha iliyochezewa kwa programu au akili mnemba. Shuka la mita moja na nusu ni rahisi kuliko ubishi huo, na litatumika na ukoo mzima.

Hifadhi faili asili kwenye barua pepe yako, uliandike mwezi na mwaka. Fomu nyingi hazipokei picha iliyozidi miezi 6, kwa hiyo ile ya mwaka jana, hata kama ulitoka vizuri, usiipeleke.