Komba wa Kitambaa: Jinsi Mdoli wa Kubuni Unavyotoka Mikononi mwa Mwanafunzi

Mwanafunzi wa sanaa akipewa mradi wa kubuni mdoli wake mwenyewe, mara nyingi huanza na uso. Anachora macho, anachora tabasamu, anampa mhusika jina, kisha anamwandikia historia ya ukurasa mzima: anaishi wapi, anapenda kula nini, adui yake nani. Muda wa mradi unayoyoma. Siku ya kushika mkasi ndipo inabainika kwamba kile kichwa kizuri cha kwenye karatasi hakisimami, shingo inalegea, na vidole vitano alivyovichora kwa madaha vimegoma kupinduka baada ya kushonwa.

Nimekaa na kazi za aina hii kiasi cha kuwa na msimamo: mdoli huanzia kwenye kitambaa, na uso huja mwisho. Historia ya midoli mashuhuri iko upande wangu, na baadhi ya walioiandika walikuwa wanafunzi.

Alma Buscher aliingia Bauhaus, shule ya sanaa na ufundi iliyokuwa Weimar, Ujerumani, mwaka 1922. Alipelekwa karakana ya ufumaji, walikopelekwa wanawake wengi wa shule hiyo. Hakukaa. Mwaka 1923 alihamia karakana ya uchongaji wa mbao, na mwaka huohuo shule ilipojenga nyumba ya maonyesho, Haus am Horn, yeye akabuni chumba cha watoto na vitu vya kuchezea. Mchezo wake wa kuunda meli, wenye vipande 22 vya mbao vya rangi, unatengenezwa na kuuzwa hadi leo. Lakini kwa mwanafunzi wa midoli, kazi yake ya kutazamwa kwanza ni midoli ya kurusha: kichwa ni shanga ya mbao, mwili ni nyuzi za mmea zilizosukwa. Hauna viungo, na uso wake ni kama haupo. Ukiurusha, nyuzi zinajipinda, mdoli unatua umekaa, umelala au umeinua mkono. Tabia yake yote imo kwenye nyuzi zile. Aliyewahi kumtazama msusi wa mikeka wa Pemba akisuka ukili ataelewa mara moja Buscher alikuwa anashika kitu cha namna gani.

Mwalimu mmoja wa shule hiyohiyo, mchoraji Paul Klee, alikuwa akimtengenezea mwanawe Felix vikaragosi vya mkononi kati ya 1916 na 1925. Vichwa vilikuwa vya plasta, mifupa ya ng'ombe, maboksi ya viberiti, hata soketi ya umeme. Thelathini kati ya vikaragosi hivyo vimehifadhiwa Bern, Uswisi. Yule wa soketi ana sura ya mtu aliyepigwa shoti, na kisa chake kinajulikana bila ya kuandikiwa ukurasa mzima.

Tuchukue mfano wa nyumbani. Mwanafunzi anataka kutengeneza komba. Ni chaguo zuri, maana komba amekwisha kubuniwa nusu na maumbile: macho yanayojaza uso, masikio mapana kama majani, mapaja manene ya mrukaji, mkia mrefu kuliko kiwiliwili. Usiku analia kama mtoto mchanga. Na watu wa Pwani wanamjua kwa jambo jingine tena, ulevi; mgema akitundika kibuyu mnazini, komba anakinywa kabla yake, ndipo tukapata kusema fulani amelewa kama komba. Mhusika huyo hapo. (Kama jopo la walimu litapenda mlevi kwenye rafu ya vitu vya watoto, hiyo ni kesi nyingine.)

Kabla ya kuchora, akaangalie wengine walifanya nini. Bush Baby, yaani komba kwa Kiingereza, yumo tayari kwenye katuni za watoto za Akili and Me, zinazotengenezwa na shirika la Ubongo la Dar es Salaam, kwa hiyo komba mpya asifanane naye. Sheria ya hakimiliki ya Tanzania ya mwaka 1999 inalinda kazi iliyotengenezwa, hailindi wazo tupu. Hakuna mtu anayemmiliki komba. Kinachomilikiwa ni komba yule, wa mchoro ule, na mwanafunzi naye atakuwa na haki hiyohiyo juu ya wake. Halafu, ikiwezekana, amtazame mnyama mwenyewe. Richard Steiff, aliyesomea sanaa Stuttgart, alikuwa akichora wanyama kwenye bustani ya wanyama ya mji huo, na michoro hiyo ndiyo iliyozaa dubu wa mwaka 1902 aliyepewa namba 55 PB: urefu sentimita 55, kitambaa cha manyoya, viungo vinavyozunguka. Mwaka 1903, kwenye maonyesho ya Leipzig, mnunuzi mmoja kutoka Marekani aliagiza dubu 3,000. Komba naye ukimtazama vizuri unagundua kwamba anaweza kukunja masikio yake. Basi huyu wetu awe na sikio moja lililosimama na moja lililokunjwa, na hapo amepata mkao ambao hakuna uso wa kuchorwa ungempa.

Mchoro wa kwanza upakwe weusi wote. Ukibaki kivuli tu, je, mtu anamtambua komba, au anaona paka, au dubu, au furushi? Ikiwa ni furushi, urembo hautamwokoa. Kivuli kikikubali ndipo ichorwe michoro mitatu ya ukubwa uleule, mbele, ubavuni na nyuma. Wengi huruka ule wa ubavuni, kisha wanashangaa mdoli wao umetoka bapa kama chapati.

Sasa tufike kwenye sehemu ninayoipenda, ambayo pia ndiyo inayowatesa wanafunzi kuliko zote. Vipande viwili vya kitambaa vikishonwa pamoja na kujazwa, vinapungua upana. Mkono wenye upana wa sentimita 10 kutoka mshono hadi mshono, ukiujaza ukawa wa mviringo, unakuwa na unene wa sentimita 6.4 hivi. Ni hesabu ya duara tu: mzunguko wa sentimita 20 ugawanye kwa 3.14. Kwa hiyo anayetaka mkono wenye unene wa sentimita 4 azidishe kwa 1.57, apate karibu 6.3, halafu aongeze nafasi ya mshono, milimita 6 kila upande. Atakata kitambaa cha sentimita 7.5, karibu mara mbili ya alichochora. Asiyejua hesabu hii hukata mkono sawasawa na mchoro, akapata kijiti. Vidole ndivyo vinavyoumia zaidi, maana ukitoa nafasi ya mshono na ukitoa kile kinachomezwa na mviringo, hakibaki kitu cha kujaza.

Ndiyo maana mfano wa Uglydoll ni mzuri kufundishia. David Horvath na Sun-Min Kim walikutana wakisoma chuo cha Parsons, New York. Kim aliporejea Korea Kusini mwaka 2001, Horvath alimwandikia barua akichoramo kijitu chenye aproni kiitwacho Wage. Kim alikishona kwa mkono akamtumia kwa posta. Horvath akakipeleka kwa rafiki yake mwenye duka la Giant Robot, Los Angeles, amwonyeshe tu. Mwenye duka akadhani ameletewa bidhaa, akaagiza vingine. Mtazame Wage: hana shingo wala vidole. Mbele kipande kimoja, nyuma kipande kimoja, na mistari ambayo sindano inaipita bila taabu. Kim alikuwa anakata kile ambacho kitambaa kinakubali.

Komba wetu anahitaji zaidi kidogo ya hapo, kwa sababu kichwa cha vipande viwili hakitakuwa na pua iliyotokeza. Suluhisho ni ukanda wa katikati: kipande kirefu kinachoanzia puani, kinapita katikati ya masikio, kinaishia kisogoni, na mashavu mawili yanashonwa kila upande wake. Ukipanua ukanda huo kwenye paji la uso, kichwa kinakuwa kipana. Ukiupunguza puani, pua inachongoka. Kwa vipimo hivyo viwili tu unaweza kupata komba mtoto, komba mzee au komba mbabe, na hiyo ndiyo kazi halisi ya kubuni.

Jaribio la kwanza lishonwe kwa merikani, maana ni rahisi na inaonyesha kila kosa. Chora juu yake kwa kalamu, bana kwa pini, kata, fumua, rudisha marekebisho kwenye karatasi ya kukatia. Kitambaa chenyewe kije baadaye. Dar es Salaam hakuna sababu ya kununua kipya. Soko la Karume lina masweta na mablanketi ya mitumba ya kila ulaini, na mafundi cherehani wengi hawana matumizi na vipande vya kitenge vinavyoanguka chini ya meza. Angalia mambo mawili. Kitambaa kinavutika upande gani? Vipande vya mbele na nyuma vikikatwa kwa mielekeo tofauti, mdoli ukijazwa unajipinda kama mtu aliyeamka na shingo mbaya. Na kama kina manyoya, yanalala upande gani? Yaelekee chini kwenye kila kipande, na kitambaa kikatwe kutoka upande wa nyuma kwa ncha ya wembe, ukikichana chenyewe tu bila kugusa manyoya, la sivyo mshono utabaki na mstari wa kipara.

Kushona kwa mkono kunatosha. Sindano iende mbele na kurudi nyuma nusu ya hatua, uzi uwe maradufu, hatua ziwe za milimita 2 au 3. Penye kona ya ndani, kama kwapani, chanja nafasi ya mshono kwa ncha ya mkasi mpaka karibu na uzi, ili kitambaa kifunguke kinapopinduliwa. Penye mbinuko wa nje toa vipembe vidogo. Acha mdomo wa sentimita 5 au 6 wa kupindulia, na uuache mahali palipo sawa, mgongoni au chini ya makalio, usiuache kwenye mviringo.

Kisha sufi. Pwani tuna bahati, maana sufi ya kujazia mito inapatikana, ni nyepesi, ni laini, na haipendi maji. Inapeperuka ovyo na inashika moto upesi, kwa hiyo ifanyiwe kazi mahali pasipo na upepo, jiko wala sigara, na mtu afunike pua. Ichambuliwe mbegu kwanza. Iingizwe kidogokidogo kwa mpini wa mwiko, ukianza na ncha za mikono, miguu na pua, na shingo ijazwe mpaka iwe ngumu, kwa sababu hapo ndipo kichwa kitakapolegea baada ya kubebwa siku mbili tatu. Komba wetu mlevi anahitaji kuegemea upande bila kuanguka, basi makalioni kiingie kifuko cha mchanga mkavu kilichoshonwa mara mbili, kikiwekwa kushoto kidogo. Uzito huo ndio unaomfanya aonekane amechoka. Kwa mdoli wa kufuliwa mchanga haufai.

Uso sasa. Kata macho kwa karatasi, yabane kwa pini kwenye kichwa kilichokwisha kujazwa, piga picha, sogeza, piga nyingine. Milimita chache zinatenganisha mshangao na usingizi. Mwaka 1943 Konrad Lorenz, mtaalamu wa tabia za wanyama, alieleza kwamba paji kubwa, macho makubwa yaliyokaa chini na mashavu ya duara huamsha kwa binadamu hamu ya kulea. Mwaka 1979 mwanabiolojia Stephen Jay Gould aliandika jinsi kichwa na macho ya Mickey Mouse yalivyokuwa yakikua kadiri miaka ilivyopita. Mwanafunzi akifuata kanuni hiyo peke yake atapata kitu kizuri kinachofanana na vizuri vingine vyote. Kasing Lung, msanii mzaliwa wa Hong Kong aliyekulia Uholanzi, alimtoa mhusika wake Labubu mwaka 2015, mwenye uso wa kitoto na safu ya meno yaliyochongoka. Watu walinunua ule mgongano. Komba wetu tayari ana macho makubwa, kwa hiyo ningeyafunga nusu kwa kope nzito na kuacha upole ubaki kwenye mashavu.

Kama mdoli utashikwa na mtoto wa chini ya miaka mitatu, macho yatariziwe kwa uzi, vifungo visitumike. Wamarekani hupima vipande vidogo kwa kopo lenye kipenyo cha milimita 31.7, na chochote kinachozama humo chote kinahesabiwa kuwa kinaweza kumkaba mtoto. Kopo kama hilo linakunjwa kwa karatasi ngumu kwa dakika tano. Baada ya hapo vuta masikio, vuta mkia, vuta kwa nguvu za mtoto aliyekasirika.

Kazi ikiisha, nisingempa mwanafunzi alama kwa mdoli mmoja. Ningemwomba karatasi za kukatia zilizoandikwa kila kitu: idadi ya vipande, nafasi ya mshono, manyoya yanaelekea wapi, mdomo wa kupindulia uko wapi, kipande kipi kinashonwa kabla ya kipi. Kisha bahasha hiyo apewe mwenzake wa darasani, ashone komba wa pili bila kuelezwa neno. Pale mwenzake atakaposimama na kuuliza, hapo ndipo karatasi inahitaji mstari mmoja zaidi.