Herufi za nyayo nene kwenye mabango ya pwani ya kusini

Bango la duka pale Ukunda husomwa na mtu aliye mbioni. Yuko ndani ya matatu ya Likoni au nyuma ya bodaboda, na ana sekunde mbili tatu za kujua unauza nini. Kwa kazi hiyo, aina ya herufi ina uzito kuliko picha na mapambo yote. Kuna aina moja inayoiweza sana, mradi ujue inapofaa na inapoharibu: herufi za nyayo nene.

Kuzitambua ni rahisi. Andika I kubwa, kisha uiwekee kijiti cha mlalo juu na kingine chini. Vijiti hivyo ndivyo nyayo, ambazo wachapaji huziita serifu. Kwenye herufi za vitabuni nyayo huwa nyembamba, zimechongoka kuelekea ncha. Kwenye aina hii huwa bapa, na unene wake unakaribia ule wa shina la herufi. Katika kompyuta zitafute kwa majina kama Rockwell, Clarendon, Courier na Roboto Slab.

Zilizaliwa kwa ajili ya matangazo. Vincent Figgins wa London alizionyesha katika kitabu chake cha sampuli takriban mwaka 1815, na Robert Besley akatoa Clarendon mwaka 1845. Baadaye zikaingia kwenye taipureta, kwa sababu pale kila herufi hupewa nafasi sawa, na i nyembamba ilihitaji nyayo pana ili ijaze nafasi yake. Courier, iliyochorwa na Howard Kettler kwa ajili ya IBM katika miaka ya 1950, ni ya ukoo huo. Ndiyo maana herufi hizi hutupa picha ya ofisi na ya kazi ya mikono kwa pamoja. Gereji, duka la vifaa vya ujenzi, shule au banda la samaki litapendeza nazo. Kadi ya harusi haitapendeza.

Pwani yetu ina sababu zake za kuzipenda. Jua la Diani hupausha rangi, na upepo wa chumvi hula mabati kuanzia kingo. Mstari mwembamba ndio hutoweka kwanza. Shina na nyayo nene hubaki zikisomeka hata rangi ikianza kubanduka. Mchoraji mwenye brashi bapa huchora unyayo kwa mkupuo mmoja. Kwenye stika za kukatwa, ncha nene hushika ukutani, ilhali ncha nyembamba hujikunja mapema. Hata tangazo lililotolewa fotokopi mara nyingi hubaki na herufi zake kamili.

Tatizo kubwa ni upana, na hapa Kiswahili hakina budi kuhesabiwa kwa makini. Wachoraji wengi hutumia kipimo hiki: kwa kila mita 3 za umbali, herufi iwe na urefu wa sentimita 2.5 hivi. Anayesoma kutoka mita 30 anahitaji herufi za sentimita 25. Herufi nene ya kimo hicho, pamoja na nafasi ya pembeni, huweza kula sentimita 25 za upana. Neno TUNATENGENEZA lina herufi 13, yaani zaidi ya mita 3, na ubao mzima wa plaiwudi una mita 2.44 tu. Fundi akilibana neno ili liingie, nyayo zitagusana na bango litageuka ukuta wa vijiti. Badilisha maneno, usibane herufi. FUNDI juu, PIKIPIKI chini, na ubao unatosha.

Majina ya mahali huwezi kuyabadilisha. MSAMBWENI lina M mbili na W moja, herufi pana kuliko zote, na katika unene wa kupindukia katikati yake huziba. Chagua unene wa wastani, au andika Msambweni kwa herufi ndogo baada ya M ya kwanza. Kwa Ng'ombeni, mkumbushe mchoraji alama baada ya g. Katika herufi nene huachwa kwa kukosa nafasi, na jina likaharibika.

Kuna faida nyingine kwa matangazo yenye namba za viwanja au misimbo. Katika herufi zisizo na nyayo, I kubwa na l ndogo mara nyingi hufanana kabisa, lakini nyayo huzitofautisha. Ukinakili karatasi za zamani, kumbuka kwamba taipureta nyingi hazikuwa na kitufe cha 1. Mpiga chapa alipiga l ndogo badala yake.

Maelezo marefu usiyaandike kwa herufi nene. Tangazo la hospitali linaloeleza siku za kliniki na vitu vya kubeba liwe na kichwa cha nyayo nene, na chini yake herufi nyepesi za kawaida. Mgonjwa au mzee anayesoma kwa taabu asipambane na mistari kumi iliyokolea wino.

Kabla ya kulipa, mwombe fundi neno moja kwenye karatasi kwa kimo halisi. Libandike ukutani, vuka barabara, kisha mwite mtu asiyejua biashara yako alisome kwa sauti. Akisita, ongeza kimo au punguza maneno.