Gego la Mwisho Likikwama: Lini Lisubiriwe, Lini Ling'olewe

Mara nyingi huanza hivi. Kijana wa miaka 20 na ushei anashuka matatu pale Kangemi jioni, taya la upande mmoja linamuuma, na kabla ya kufika nyumbani anapitia duka la dawa. Ananunua vidonge vya maumivu pamoja na antibayotiki za siku chache. Maumivu yanatulia. Baada ya miezi miwili yanarudi, naye anarudi dukani. Muda wote huo jino lenyewe limebaki vile vile, nusu nje na nusu ndani ya ufizi.

Jino hilo ni gego la mwisho, ambalo wengi huliita jino la hekima. Kwa kawaida huota kati ya umri wa miaka 17 na 25, wakati meno mengine yote yameshachukua nafasi zao. Pakiwa pamebana, gego hili huinama na kulisukuma jino la mbele yake, hulala ubavu, au hubaki limezikwa mfupani. Hapo ndipo daktari husema kwamba limekwama.

Gego lililokwama si ugonjwa peke yake. Wapo wanaozeeka nalo bila kujua kama lipo. Nchini Uingereza, taasisi ya kitaifa inayotoa miongozo ya matibabu, NICE, ilishauri mwaka 2000 kwamba gego lililokwama lakini halina ugonjwa lisiondolewe kwa tahadhari tu, kwa kuwa upasuaji nao una hatari zake. Nchini Marekani, madaktari wengi wamezoea kuyaondoa mapema. Kwa hiyo mkazi anayeambiwa ang'oe magego yote 4 ilhali haumwi popote ana haki ya kuuliza sababu, na kuonyeshwa sababu hiyo kwenye picha ya eksirei.

Linalosumbua zaidi ni lile lililotokeza nusu. Juu yake hubaki kipande cha ufizi kama kifuniko, na chini ya kifuniko hicho kuna mfuko ambao mswaki hauwezi kuufikia. Chakula hunasa humo na kuoza, bakteria huongezeka, ufizi huvimba, kisha gego la juu huanza kuuponda kila mtu anapotafuna. Mdomo hunuka, taya hukaza, na kumeza huuma. Antibayotiki haiwezi kuondoa uchafu ulio chini ya kifuniko. Hupunguza makali kwa muda tu, na anayezoea kuzinunua bila kuandikiwa huwalea bakteria wasiosikia dawa. Tena metronidazo, ambayo hutumika sana kwa maambukizi ya kinywa, haifai kuchanganywa na pombe.

Kila uvimbe unaorudi ni nafasi nyingine ya maambukizi kupenya na kushuka shingoni. Daktari Mjerumani, Wilhelm Friedrich von Ludwig, alieleza hali hiyo mwaka 1836: sehemu ya chini ya ulimi na chini ya kidevu huvimba na kuwa ngumu kama ubao, ulimi husukumwa juu, na njia ya hewa huziba. Bado huua. Mtu ambaye mdomo wake haufunguki hata kuingiza vidole viwili, anayeshindwa kumeza mate, ambaye sauti yake imebadilika, au ambaye uvimbe umefika chini ya taya akiwa na homa, asingoje asubuhi. Apelekwe mara moja kwenye kitengo cha dharura cha hospitali kubwa iliyo karibu, iwe Mbagathi, Mama Lucy Kibaki au Hospitali Kuu ya Kenyatta. Akihema kwa shida, kila dakika ina maana.

Kwa mgonjwa ambaye hajafika huko, wengi hushangaa daktari wa meno asipolitoa jino siku ile ile. Kwa kawaida yeye huanza kwa kusafisha chini ya kifuniko cha ufizi kwa maji ya chumvi au dawa, kisha humpa mgonjwa tarehe ya kurudi uvimbe ukishatulia. Tarehe hiyo ndiyo watu hupuuza, maana siku ikifika hawasikii maumivu tena. Sababu za kulitoa gego ni kama uvimbe unaojirudia, kuoza kusikoweza kuzibwa, jino jirani kuharibika, au uvimbe wa maji kuota mfupani.

Umri nao una uzito. Kwa kijana mizizi huwa haijakomaa na mfupa hauko mgumu sana, kwa hiyo kazi huwa nyepesi na kidonda hupona haraka. Anayeahirisha hadi miaka 40 bado anaweza kutibiwa, ila kwa taabu zaidi.

Eksirei ya taya zima huonyesha mizizi imekaa vipi karibu na mshipa wa fahamu unaopita ndani ya taya la chini. Mshipa huo ukiguswa, mdomo wa chini na kidevu huweza kufa ganzi kwa wiki au miezi, na kwa watu wachache sana ganzi hiyo haiishi. Mizizi ikiwa imeukaribia mno, daktari anaweza kukata kichwa cha jino na kuiacha mizizi palepale. Mgonjwa aulize jambo hili kabla ya kutia sahihi.

Upasuaji wenyewe mara nyingi hufanywa kwa sindano ya ganzi, mgonjwa akiwa macho. Ufizi hukatwa, mfupa kidogo hupunguzwa, jino hugawanywa vipande na kutolewa, kisha pakashonwa. Mgonjwa husikia msukumo na mngurumo wa mashine, lakini hapaswi kusikia uchungu. Akiusikia, anyooshe mkono aongezewe ganzi. Ile imani kwamba kung'oa jino la juu hupofusha jicho haina msingi. Mshipa wa kuonea haupiti kwenye meno.

Damu iliyoganda shimoni ndiyo dawa ya kwanza, na kazi kubwa ya siku ya kwanza ni kuilinda. Pamba iumwe kwa nusu saa hivi. Kwa saa 24 mtu asisukutue, asiteme mate kwa nguvu, asinywe kwa mrija wala kuvuta sigara. Uji uliopoa, maziwa lala na viazi vilivyopondwa vinatosha. Githeri, nyama choma na miraa vingoje. Kuanzia siku ya pili asukutue taratibu kwa maji vuguvugu yenye chumvi. Uvimbe huweza kuongezeka hadi siku ya 2 au ya 3 kabla ya kupungua, na hilo si la kutisha. Maumivu makali yanayoanza upya siku ya 3 hivi, yakipanda hadi sikioni, huonyesha kwamba damu ile imetoka na mfupa umebaki wazi. Arudi kwa daktari akawekewe dawa. Aspirini isiwekwe kwenye ufizi hata siku moja, kwa sababu huuchoma, na ikimezwa huongeza kutoka damu.

Wakazi wa katikati ya jiji na wa upande wa Westlands, Kangemi, Kawangware na Dagoretti wanaweza kuanzia kliniki ya meno ya kaunti ya Lady Northey, barabara ya State House. Hospitali ya meno ya Chuo Kikuu cha Nairobi, ambako wanafunzi hutibu wakisimamiwa na wahadhiri wao, iko barabara ya Argwings Kodhek. Kuhusu malipo, SHA ilichukua nafasi ya NHIF mwezi Oktoba 2024, na mgonjwa aulize dirishani, kabla ya kuketi kwenye kiti, ni sehemu gani ya gharama inayolipiwa. Anayechagua kliniki ya kibinafsi aulize leseni ya mwaka huu kutoka Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno, KMPDC, kisha alinganishe jina lililo kwenye leseni na la mtu aliyeshika sindano.