Ufahamu na Ufupisho: Kosa la Mguu au Kosa la Ngazi?



Kifungu cha ufahamu kinaweza kutoka katika uwanja wowote: kilimo, afya, siasa au ufundi. Watahiniwa wengi wakikutana na kifungu cha ufundi huingiwa na hofu. Husoma aya mbili za mwanzo, kisha huanza kujibu kwa yale waliyoyasikia mtaani badala ya yale yaliyoandikwa. Hapo ndipo alama zinapopotea.

Kifungu kifuatacho kinamtega msomaji wa aina hiyo. Kisome mara mbili. Mara ya kwanza soma bila kusimama, ujue kinahusu nini. Mara ya pili shika kalamu, pigia mstari wazo kuu la kila aya, na uangalie maneno kama "lakini", "kwa kuwa" na "hivyo". Maneno hayo ndiyo yanayokuonesha mwandishi anaelekea wapi.

A. KIFUNGU CHA HABARI

(1) Ukipita mahali barabara inapojengwa utaona greda, tingatinga, kijiko na malori ya kubeba kifusi. Katika machimbo makubwa ya madini duniani kuna mitambo mikubwa zaidi. Lori aina ya Caterpillar 797F hubeba hadi tani 363 kwa safari moja, na tairi lake moja lina kipenyo cha takriban mita 4. Opereta wake hapandi gari, anapanda ghorofa. Watu wengi hudhani mtambo huwa hatari pale tu unapotembea. Lakini opereta hupanda na kushuka mara kadhaa katika zamu moja: kukagua mafuta, kula, kwenda msalani, kuzungumza na msimamizi. Kila mara anaweza kuteleza na kuanguka, hata kama injini imezimwa.

(2) Opereta akianguka, neno la kwanza kusikika ni "uzembe". Watu husema alikuwa na haraka, aliruka, hakushika vizuri. Huenda ni kweli aliruka. Lakini kwa nini aliruka? Mara nyingi jibu liko kwenye kidato cha chini kabisa cha ngazi. Kwa kuwa mtambo hupita juu ya mawe na vifusi, ngazi isiyokunjika haiwezi kufika karibu sana na ardhi, kwani itagonga mwamba na kupinda. Hivyo mbunifu huishilizia juu. Kidato cha mwisho kikiwa karibu na usawa wa kiuno, anayeshuka hunyoosha mguu kuitafuta ardhi asiyoiona, maana uso wake umeelekea kwenye mtambo. Mguu ukikosa pa kukanyaga, huachia mikono na kuruka.

(3) Kuruka huko kuna gharama. Mtu mwenye kilo 70 akiruka kutoka urefu wa mita 1.5, hufika chini kwa kasi ya takriban kilomita 20 kwa saa. Akikunja magoti vizuri, mwili ukasimama taratibu katika umbali wa sentimita 30, nguvu inayomrudia kutoka ardhini ni wastani wa mara 6 ya uzito wake. Akitua miguu imenyooka, mwili ukasimama ndani ya sentimita 5 tu, nguvu hiyo hupita mara 30 ya uzito wake. Magoti, vifundo vya miguu na uti wa mgongo ndivyo vinavyoipokea. Na hapo hatujazungumzia jiwe au shimo linaloweza kuwa chini ya mguu.

(4) Kwa sababu hiyo vipimo vya ngazi haviachwi vichaguliwe kwa macho. Shirika la Kimataifa la Viwango (ISO) lina kiwango namba 2867 kinachohusu njia za kupandia mitambo ya kuchimba na kusukuma udongo. Kiwango hicho kinataka kidato cha kwanza kisizidi milimita 700 kutoka ardhini, na kinapendekeza milimita 400. Nafasi kati ya kidato kimoja na kingine zinapaswa kulingana. Sababu yake ni rahisi: mtu akishapanda vidato viwili vitatu, mguu hukariri umbali na kuanza kwenda wenyewe. Kidato kimoja kikiwa mbali kuliko vingine, mguu hukikosa.

(5) Wabunifu wamejaribu njia kadhaa za kushusha kidato cha chini bila kukivunja. Njia ya kwanza ni kuning'iniza vidato vya chini kwa mikanda ya mpira au nyaya za chuma. Vikigonga jiwe, hupinda na kurudi mahali pake. Kasoro yake ni kwamba huyumba vinapokanyagwa, na huweza kung'oka. Njia ya pili ni ngazi inayoshushwa na kupandishwa kwa nguvu ya haidroliki. Hufika karibu na ardhi mtambo unaposimama, na mfumo mzuri huuzuia mtambo kuondoka kabla ngazi haijapandishwa. Kasoro yake ni gharama na haja ya matunzo ya mara kwa mara. Njia ya tatu ni ngazi ya mshazari yenye vidato vipana, inayokatiza mbele ya lori kubwa. Hii hukanyagwa kama ngazi ya nyumba, lakini huhitaji mtambo wenye nafasi ya kutosha.

(6) Mikono nayo inahitaji kubuniwa mahali pake. Maopereta hufundishwa kanuni ya nukta tatu: wakati wote wa kupanda au kushuka, mikono miwili na mguu mmoja, au miguu miwili na mkono mmoja, viwe vimeshika au kukanyaga mahali imara. Lakini kanuni hii haitekelezeki kama kishikio hakipo pale mkono unapokitafuta. Opereta atashika usukani, kioo cha pembeni au mlango, na mlango haukai mahali pamoja. Vishikio vinapaswa kuendelea juu ya sakafu ya kebini, ili anayefika juu asibaki ameshika hewa. Vidato viwe vya chuma chenye matundu na meno, ili tope lidondoke na soli ishike. Nyuma ya kidato kuwe na nafasi ya kuingiza kiatu cha kazi, si ncha ya vidole tu. Kuwe na taa inayoweza kuwashwa mtu akiwa bado chini. Na anayebeba vifaa mkononi tayari amepoteza nukta moja. Apewe mkoba wa mgongoni au kamba ya kuvutia mzigo.

(7) Nchini Tanzania, Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inampa mwajiri wajibu wa kulinda usalama wa wafanyakazi wake, na mfanyakazi naye ana wajibu wa kujilinda na kuwalinda wenzake. Hivyo opereta hajasamehewa: afute tope viatuni, ashuke akiutazama mtambo, aripoti kidato kilichopinda. Lakini tahadhari inayotegemea mtu kukumbuka kila siku, mwaka mzima, ipo siku itasahaulika. Ngazi njema ni ile inayomshusha salama hata aliyechoka, usiku, mvua ikinyesha, kwa sababu njia iliyo salama ndiyo hiyo hiyo iliyo rahisi.

B. MASWALI

1. Andika kichwa cha habari kinachofaa kwa kifungu hiki kwa maneno yasiyozidi matano.
2. Kwa mujibu wa aya ya pili, kwa nini opereta huruka badala ya kushuka kwa ngazi?
3. Eleza maana ya: (a) kidato, kama lilivyotumika katika kifungu, (b) "Opereta wake hapandi gari, anapanda ghorofa."
4. Kwa nini nafasi kati ya vidato zinapaswa kulingana?
5. Mwandishi ana msimamo gani kuhusu madai kwamba ajali za ngazi husababishwa na uzembe?
6. Fupisha aya ya tano kwa maneno yasiyozidi 45.

Funika majibu yaliyo hapa chini. Jibu kwanza mwenyewe, ndipo ulinganishe.

C. MAJIBU NA MAELEZO

Swali la 1. Usalama wa ngazi za mitambo. Kichwa kizuri hubeba wazo la kifungu kizima. "Mitambo mikubwa" ni jibu baya kwa sababu linagusa aya ya kwanza tu. "Ajali kazini" nalo ni pana mno.

Swali la 2. Huruka kwa sababu kidato cha chini kiko juu mno, mguu wake haufiki ardhini, na hawezi kuiona ardhi kwa kuwa ameelekeza uso kwenye mtambo. Ukiandika "kwa sababu ana haraka" umenaswa. Haraka imetajwa katika aya hiyo, lakini imetajwa kama maneno ya watu. Jibu la mwandishi linaanzia pale anapouliza, "Lakini kwa nini aliruka?" Tofautisha daima kati ya yale mwandishi anayoyasema na yale anayosema kwamba wengine wanayasema.

Swali la 3. (a) Sehemu ya ngazi inayokanyagwa na mtu anapopanda au kushuka. Neno hili ni mfano mzuri wa polisemia. Kidato ni pia alama inayokatwa kwenye shina la mti kama mnazi ili mkwezi apate pa kukanyaga, na ni ngazi ya masomo ya sekondari, kama hiki cha nne ulichofikia. Maana zote zina wazo moja la kupanda hatua kwa hatua. Hata hivyo, swali linataka maana iliyotumika katika kifungu, hivyo andika hiyo tu. (b) Lori hilo ni refu sana, kiasi kwamba kulipanda ni kama kupanda jengo. Ukieleza tamathali ya usemi, taja kinacholinganishwa na sababu ya kulinganishwa.

Swali la 4. Kwa sababu mguu huzoea umbali wa vidato vya mwanzo. Kidato kimoja kikiwa na umbali tofauti, mguu hukikosa.

Swali la 5. Mwandishi hakubali kwamba uzembe ni maelezo ya kutosha. Anakiri kuwa opereta ana wajibu wake, lakini anaona chanzo kikubwa ni ubunifu mbaya wa ngazi, na kwamba ngazi inapaswa kubuniwa ili njia salama iwe ndiyo njia rahisi.

Hili ndilo swali linalotenganisha watahiniwa. Wapo watakaoandika kwamba mwandishi anawalaumu maopereta. Wapo pia watakaoandika kwamba anasema maopereta hawana kosa lolote. Wote wamekosea. Rudi aya ya saba: "opereta hajasamehewa", kisha linafuata "lakini". Msimamo wa mwandishi huwa na pande mbili mara nyingi, nawe unatakiwa kuonesha pande zote na kusema upande upi anaupa uzito zaidi.

Swali la 6. Wabunifu hushusha kidato cha chini kwa njia tatu: kuning'iniza vidato kwa mpira au nyaya, ingawa huyumba na huweza kung'oka, kutumia ngazi ya haidroliki, ingawa ni ghali na huhitaji matunzo, na kuweka ngazi ya mshazari yenye vidato vipana, ingawa huhitaji nafasi.

Hesabu: ni maneno 40. Angalia kilichoachwa: jinsi vidato vinavyopinda na kurudi, na mfano wa ngazi ya nyumba. Hayo ni maelezo ya ziada. Kilichobaki ni njia tatu, kila moja na kasoro yake. Ukiandika njia bila kasoro, umebeba nusu ya aya.

D. ZOEZI LA KUFANYA MWENYEWE

Tafuta lori au trekta lililoegeshwa na kuzimwa, na uombe ruhusa kwa dereva. Kwa mkanda wa kupimia, pima umbali kutoka ardhini hadi kidato cha kwanza, kisha nafasi kati ya vidato. Chunguza kama kuna kishikio pande zote mbili na kama vidato vinateleza. Linganisha vipimo vyako na vile vya aya ya nne. Kisha andika barua rasmi ya maneno kati ya 200 na 250 kwa meneja wa karakana, ukieleza ulichokiona na mabadiliko mawili unayopendekeza.

Usiandike "madereva wawe makini" kama pendekezo. Meneja hawezi kulichomelea chuma wala kulipima kwa mkanda. Andika jambo ambalo fundi anaweza kulifanya kesho asubuhi: kidato gani kishushwe, kwa milimita ngapi, na kishikio kipi kiongezwe wapi. Mwaka ujao baadhi yenu mtakuwa vyuo vya ufundi, wengine mtakuwa juu ya mitambo hiyo hiyo au chini yake mkiikarabati. Aliyezoea kuuliza "kwa nini aliruka?" atapata alama zake hapa, na huko atajua pa kuanzia kutengeneza.